Bunduki Iliyoogeshwa Kama Kibuyu

Kuna harufu moja ambayo mpaka leo ikinipita njiani nasimama. Ni harufu ya mafuta ya bunduki. Si kama mafuta ya pikipiki, hapana, hiyo naijua, hapa Kanamkemer, Lodwar, kila kona kuna fundi wa boda boda na mchanga umekunywa mafuta mpaka umekuwa mweusi. Mafuta ya bunduki ni mepesi. Yananuka kama chuma kilicholala nje kwa baridi, halafu nyuma yake kuna utamu kidogo, kama mti uliokatwa jana. Nikiyanusa tu, mimi si nyanya wa wajukuu tisa tena. Nimekaa chini kwa mchanga wa laga ya Tarach, yaani mto mkavu, kule Kakuma, nina miaka kumi hivi, miguu nimenyoosha, na bunduki ya serikali imelala kwa mapaja yangu kama mtoto mkubwa anayekataa kulala.

Usifikirie Kakuma ya leo, ile ya maduka ya Wasomali na mabasi na watoto wanaoongea Kiswahili cha Kongo. Wakati huo wakimbizi walikuwa hawajakuja. Kulikuwa na maduka machache ya mabati, misheni na zahanati yake, steshen ya polisi na bendera yake, halafu mikoma na vumbi. Sisi tulikuwa tunakaa nje, mwendo wa nusu asubuhi, kwa awi yetu, yaani boma la baba na ndugu zake, limezungushiwa miiba. Na huo mwaka ulikuwa mwaka wa jua. Mvua ilikuja, ikatema mate, ikaenda zake. Mbuzi walikula maganda ya miti, wakala kamba za ngozi, na ukisahau viatu nje, asubuhi unapata kimoja. Mama alikuwa anakamua mbuzi wanne kupata maziwa ya kikombe kimoja, na hicho kikombe tulikuwa tunakiangalia kama watu wa kanisa wanavyoangalia padre.

Baba yangu nilikuwa namwita Apa, kama sisi wote tunavyoita wazee. Jina lake Ekidor, mtu mrefu, mpole, wa maneno machache. Alikuwa homgadi. Homgadi ni raia tu, mchungaji kama wengine, lakini serikali imempa bunduki alinde mifugo ya watu wake. Hana yunifomu, hana mshahara, ana bunduki na risasi za kuhesabika. Ile yake ilikuwa ndefu, mbao yake nyekundu imekatika pembeni, na kila risasi moja unavuta bolti nyuma, unarudisha mbele, ndio ipige. Ilikuwa na umri mkubwa kuliko yeye. Na huo mwaka majani yalikuwa yamebaki upande mmoja peke yake, kule juu karibu na milima, na huko ndiko ngoroko, wezi wa mifugo, walikuwa wanateremkia. Kwa hivyo mambo yalikuwa rahisi kuelewa hata kwa mtoto. Mwenye bunduki anapeleka mifugo mbele, anachagua malisho. Asiye na bunduki anafuata nyuma ya mwenye bunduki. Na mbuzi wa nyuma anakula vumbi.

Lakini bunduki ya serikali haikuwa yako. Kila mwezi homgadi wote walipeleka zao steshen zikaguliwe. Sajini anasoma namba kwa chuma, anahesabu risasi, anavuta bolti, anatoa, halafu anaweka jicho kwa mtutu anaangalia ndani. Akikuta kutu unagombezwa mbele ya watu. Akikuta tena, bunduki inaenda kwa mtu mwingine, na yako ni fimbo.

Sasa nikwambie kitu ambacho huo wakati tulikuwa tunajua watu watatu tu, mimi na mama na mwenyewe. Apa alikuwa haoni. Ni ule ugonjwa wa macho wa kwetu, wa nzi na vumbi, kope zinageuka zinaingia ndani, zinakwaruza jicho kila ukipepesa, mpaka jicho linakuwa kama maziwa yaliyotiwa maji. Vivuli aliona. Ngamia alijua ni ngamia. Lakini mchanga kwa chuma, au kutu ndani ya mtutu, hiyo ilikuwa kwake kama kuangalia ndani ya kisima usiku. Utaniuliza, mtu haoni, analinda nini? Nilimuuliza mimi mwenyewe, na akanijibu akicheka kidogo kwamba ngoroko hawajui kama haoni, wao wanaona bunduki. Na ilikuwa kweli. Huo mwaka hakuna mtu aligusa mbuzi wetu.

Basi, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Mimi ni kifungua mimba, ndugu zangu wa kiume walikuwa bado wananyonya au wanakula mchanga. Kazi yangu kwa mama ilikuwa vibuyu vya maziwa, kazi yangu kwa Apa ikawa bunduki, na nikwambie ukweli, sikuona tofauti kubwa. Vyote viwili vina shingo, vyote viwili vikiachwa vinaoza ndani ambapo hakuna mtu anaona. Apa alianza na risasi. Hapo hakukuwa na mchezo. Alizitoa mwenyewe kwa vidole, moja moja, akaziweka ndani ya kofia yake, akaita mama aje aiweke kofia mbali, halafu akaingiza kidole pale nyuma kuhakikisha hakuna iliyobaki, halafu akaniambia na mimi niingize kidole. Kila mara. Hata kama tulisafisha jana. Mdomo wa bunduki uangalie mahali hapana mtu, hata kama ni tupu, kwa sababu, alisema, bunduki tupu ndiyo imezika watu wengi. Baada ya hapo ndio alinipatia.

Kulikuwa na kamba ndefu yenye kipande cha chuma kizito mwisho. Unateremsha chuma ndani ya mtutu, kinatokea upande wa pili, na kule nyuma umefunga kitambaa. Unavuta. Kitambaa cha kwanza kinatoka cheusi kama sufuria, cha pili cha kijivu, cha tatu kinaanza kukumbuka kwamba kilikuwa shuka ya mama. Mama alipoona hiyo kazi mara ya kwanza alisimama mkono kwa kiuno, akasema hivyo sivyo mtu anaosha kitu chenye shingo. Akaleta maji ya moto yanayochemka, akamimina ndani taratibu kama anavyofanyia kibuyu, mpaka chuma kikawa moto na maji yakakauka yenyewe. Na kweli, baada ya hapo kitambaa kilitoka safi haraka. Alitaka pia aifukize moshi, kama tunavyofukiza kibuyu kwa kijinga cha mti ili maziwa yakae, lakini Apa akakataa, akasema mama ya watoto, hii haitawekwa maziwa. Mwisho ni mafuta, tone moja kwa kitambaa, kidogo sana, kama unampaka mtoto mchanga. Halafu ninaelekeza mtutu kwa anga, naweka jicho, naona ile mistari inayozunguka ndani kama pembe ya kondoo dume, inang'aa. Ninasema, Apa, safi. Na yeye anavuta bolti akisikiliza, kichwa amelaza upande, kama mtu anayesikia mgeni akija. Anasema, eeh, safi.

Mafuta yenyewe yalikuwa ya steshen. Walikuwa wanampa kwenye kikopo kidogo cha tumbaku, na hicho kikopo kinatakiwa kikae miezi mitatu. Hapo ndipo nilipokosea.

Ilikuwa kuna ngoma kwa awi ya jirani. Mimi nilikuwa mdogo wa kucheza lakini mkubwa wa kwenda kuangalia, na nilikuwa nimepewa shanga zangu za kwanza za maana, safu nne, nyekundu na bluu. Wasichana wakubwa walipaka zao mafuta ya kondoo na udongo mwekundu, zikang'aa. Mimi nikafikiri, kama haya mafuta ya serikali yanafanya chuma cha mzee kung'aa hivyo, shanga je? Nikachukua kikopo. Nikapaka shanga, shanga zikameta kama macho ya paka. Nikapaka shingo. Nikapaka mikono, na kwa sababu mikono imeng'aa, miguu ikaona wivu. Kikopo kikaisha. Nilienda kwa hiyo ngoma nikitembea kama bibi harusi, na dada mmoja mkubwa akaninusa, akaangalia nyuma yangu, akaangalia mbele, akasema, "Nani ameleta polisi hapa?" Walicheka mpaka wakashika miti. Jina la Polisi lilinifuata mpaka nikaolewa. Bwana yangu mwenyewe, marehemu, akinikasirikia alikuwa ananiita Afande.

Kucheka kuliisha siku Apa aliposema kesho kutwa ni kukaguliwa, leta bunduki tuiogeshe. Nilipoinua kikopo kilikuwa chepesi kama jani. Sikusema. Ningesema, yote yangekuwa mengine, lakini mtoto aliyekosa ana akili fupi kama mkia wa mbuzi. Nilifanya yote kwa nguvu mara mbili. Maji ya moto nilimimina mara tatu. Vitambaa nilivuta mpaka mkono ukauma. Nikaifukiza na moshi kabisa, nikisema moyoni kwamba mama hakuwa mjinga. Na mahali pa mafuta, nikaweka mafuta. Yale tunayoyajua. Mafuta ya mkia wa kondoo. Kwetu hakuna kitu hakipakwi hayo: ngozi ikikauka, mafuta ya kondoo; mtoto akikohoa, mafuta ya kondoo; mkuki wa babu ulipakwa hayo miaka yote na haujawahi kushika kutu. Nikayeyusha kwa moto, nikapaka kwa mtutu, nikamimina pale kwa bolti mengi, maana mimi si mtu wa kunyima. Bunduki ikang'aa kuliko siku zote. Nikasema, Apa, safi. Akavuta bolti, mafuta yakiwa bado ya moto, ikateleza kama samaki. Akasema haijawahi kuwa laini hivyo. Halafu akanusa hewa, akauliza mama anapika nini.

Siku ya kukaguliwa tuliondoka alfajiri, na baridi ilikuwepo. Watu wanafikiri Turkana haina baridi. Alfajiri ya kiangazi, karibu na laga, inakushika mpaka meno. Mimi nilitembea mbele, yeye nyuma na bunduki begani, na hivi ndivyo tulivyokuwa tunatembea kila mara: mimi naongea. Si unajua, mtu akimshika mzee mkono watu watauliza. Kwa hivyo nilikuwa naongea njia yote. Ninasema, huu mwiba ni mkubwa, hapa kuna shimo la mnyama, jiwe hili nimeligonga jana, sasa tunashuka, sasa mchanga. Yeye anasikia, anapita. Watu waliotukuta walikuwa wanasema mtoto wa Ekidor ana mdomo haufungi. Mnashangaa kwa nini naongea sana? Nilianza kama kazi.

Kile ambacho sikujua ni kwamba mafuta ya kondoo yakipata baridi yanaganda yanakuwa kama mshumaa. Na kile ambacho ningejua kama ningetumia akili ni kwamba vumbi linayapenda. Nusu asubuhi begani, upepo wa Tarach, mbuzi wanapita. Tena kulikuwa na mbwa. Mbwa wa kwanza alitufuata kutoka duka la mwanzo. Tulipofika steshen walikuwa watatu, wametulia, wamepanga mstari nyuma ya Apa, kila mmoja anaangalia ile bunduki kwa heshima.

Homgadi walikuwa kama kumi, wamechuchumaa kwa kivuli. Sajini alikuwa mtu wa upande wa Kitale, mnene, ana sauti, lakini alikuwa amekaa kwetu mpaka amejua Kiturkana cha kununua mbuzi na cha kutukana. Akasalimia, ejok, akaita majina. Ikafika ya Ekidor. Akachukua bunduki, akavuta bolti. Haikutoka. Akavuta tena, ikalia kama ngamia anayekataa kuamka. Akaweka kitako chini, akavuta kwa mikono miwili, ikatoka, na kidole chake kikatoka na kitu cheupe, kina mchanga, kina nywele za mbuzi. Akanusa. Akaangalia wale mbwa.

"Ekidor," akasema, "hii ni bunduki ama ni supu?"

Watu walicheka, na hata mimi siwalaumu. Lokwang, binamu ya Apa, mtu mkubwa mvivu mwenye moyo mzuri, alilala chini kabisa kwa kucheka. Apa alisimama tu. Mimi nilikuwa nimesimama kando na kibuyu cha maji, nikijua kitu kimoja: hii bunduki ikibaki hapa, kesho mbuzi zetu ni za nyuma. Na mama anakamua nini? Vumbi?

Kicheko kilipoisha sajini alikuwa hacheki. Alikuwa anaangalia uso wa Apa, kwa sababu Apa alikuwa anaangalia mahali sauti ya sajini ilikuwa, na sajini alikuwa ameshasogea. Akatoa kitambaa mfukoni, akakikunja, akakisukuma ndani ya mtutu kwa nyuma. Sisi wote tuliona. Halafu akamwekea Apa bunduki mkononi, mtutu kwa anga.

"Angalia ndani, uniambie."

Apa akaweka jicho. Akakaa hapo muda, kama mimi nilivyokuwa nakaa.

"Safi," akasema. "Safi kama kibuyu cha mama ya watoto."

Hakuna mtu aliyecheka. Hata Lokwang alikaa. Hapo ndipo mdomo wangu, ule haufungi, ukaenda wenyewe. Nikasema ni mimi, mimi nimeweka mafuta ya kondoo, mafuta ya serikali nilipaka shanga, yeye hajui kitu, nipigeni mimi. Nilisema haraka mpaka nikakosa pumzi.

Sajini akanigeukia, taratibu. "Sijauliza mafuta, mtoto," akasema. "Nimeuliza macho."

Apa akateremsha bunduki. Akamwambia sajini, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mtu anayeeleza njia, "Macho ni yangu. Mafuta ni ya mtoto. Usiandike pamoja. Miezi yote ambayo uliniambia imesafishwa vizuri, ni huyu."

Sajini akanyoosha mkono, akaipokea. Akaweka bunduki kwa meza, akahakikisha iko tupu, akaniambia njoo, nionyeshe. Mbele ya homgadi wote, mimi mtoto wa kike na shanga zangu. Nikaomba maji ya moto. Akainua macho. Kulikuwa na birika ya chai ya polisi jikoni, ikaletwa, maji yanaruka, nikamimina. Mafuta ya kondoo yakatoka kama uji, na wale mbwa wakasogea wakafukuzwa. Bolti nikaichemsha kwa sufuria yao, samahani kwao. Nikavuta vitambaa, cheusi, kijivu, cheupe. Sajini mwenyewe akanipatia tone la mafuta yale yenyewe, akasema tone, si kwa shingo. Halafu akaangalia ndani akakaa muda mrefu, akanipa na mimi niangalie, na mistari ilikuwa inazunguka inang'aa. Akaniuliza nani amenifundisha maji ya moto. Nikasema mama, kwa vibuyu. Akawageukia wale wanaume, akawaambia hata yeye chuoni alifundishwa hivyo hivyo kwa bunduki za aina hii, na hajaona homgadi hata mmoja hapa akifanya.

Unafikiri basi akaturudishia? Hapana. Bunduki aliichukua, na alikuwa na haki, mtu asiyeona hawezi kupiga risasi kwa giza la macho yake akijua ni nani yuko mbele. Akampa Lokwang, maana alikuwa wa awi yetu. Apa akapewa karatasi apeleke kwa zahanati ya misheni, mtu wa macho anakuja wiki hiyo. Tulirudi bila chuma begani, na mimi kwa mara ya kwanza sikuongea. Mpaka Apa akajikwaa kwa jiwe akasema, "Leo barabara imenyamaza?" Nikaanza tena, mwiba, shimo, jiwe, nikilia humo humo katikati ya mawe.

Kule zahanati walimgeuza kope zake, wakazishona ziangalie nje. Jicho moja lilikuwa limeshaenda, lile lingine lilibaki na mwanga wake. Yule mtu wa macho alimwambia angekuja mwaka mmoja mbele, angeokoa yote mawili. Watu wa pwani wanasema mficha maradhi, kifo humuumbua. Kwetu ugonjwa haukujificha, tuliuficha wenyewe, kwa sababu ya mbuzi. Na mbuzi wenyewe, sikia sasa, hawakuwa wa nyuma hata siku moja. Lokwang alipokea bunduki kwa furaha, lakini alikuwa mvivu wa kusafisha, na mwezi wa kwanza tu sajini alimgombeza mpaka masikio yakalala. Akaja kwetu jioni, amebeba bunduki, amebeba aibu, akamwomba Apa nimsafishie. Apa akamwambia hakuna shida, ila bunduki ikilala kwako na kuoga kwetu, ni bunduki ya nyumba mbili, na mbuzi za nyumba mbili zinatembea bega kwa bega. Lokwang akakubali. Niliisafisha hiyo bunduki mpaka siku nilipoolewa nikaletwa huku Lodwar. Apa akikaa kando kwa kigoda chake, jicho moja, kichwa upande, anasikiliza bolti. Nikisema safi na kumebaki mchanga anasema, bado inakohoa.

Leo kila kitu kiko karibu. Mtoto wangu Ekai ni homgadi pia, siku hizi wanaitwa jina la kiofisi lakini sisi tunasema homgadi, kazi yake upande wa Kainuk, kwa barabara. Akija Lodwar kukaguliwa anapitia kwangu, anakaa hapo chini ya ewoi yangu, mti wa miiba, anatoa risasi kwanza, anaingiza kidole, ananiambia na mimi niingize. Hiyo haijabadilika na isibadilike. Lakini ana chupa ndogo ya mafuta yenye mdomo mwembamba, ana brashi za shaba, za nailoni, ana vitambaa vilivyokatwa sawa. Bunduki yenyewe ni fupi, inakunjika, na inapiga risasi nyingi kuliko zile za mwaka mzima wa Apa. Wezi nao wanazo kama hizo, kwa hivyo siku hizi kuona bunduki peke yake hakumtishi mtu. Zamani moja ilitosha watu wa boma zima. Na hospitali ya macho ninayo hapa mjini, ni boda boda, hata chai haipoi.

Wiki iliyopita Ekai alikuwa anasafisha, mimi napiga hadithi, hii hii, ananicheka. Akanipa bunduki, akasema, mama, wewe ndiye sajini, kagua. Nikaelekeza mtutu kwa anga, nikaweka jicho. Nikakaa kidogo, nikasema, "Safi."

Ekai akaacha kucheka. Halafu akasema pole pole, "Mama, kitambaa bado kiko ndani. Nilikuwa sijakivuta."

Hakuwa ananijaribu. Ni mimi nilijijaribu. Nikasema nilikuwa natania, nikamtuma sukari dukani. Lakini alipotoka nilibaki pale, na nilikuwa nimeisikia sauti ya Apa ikitoka kwa mdomo wangu, ile ile, ya kawaida kabisa. Karibu mwaka sasa najua wajukuu kwa miguu yao inavyogonga. Sindano natungiwa uzi, nasema mkono unatetemeka. Hata hapa Kanamkemer nikienda dukani naongea njia nzima, jiwe, shimo, pikipiki, na watu wanasema ata, yaani nyanya, huyu mdomo haufungi. Najiongelea mwenyewe. Nina wajukuu tisa na hospitali karibu, sina hata mbuzi wa kuogopa kumpoteza, na bado nilificha.

Ekai aliporudi na sukari hakuuliza mafuta, aliuliza macho. Nikamwambia. Amepanga twende hospitali Jumanne, anakuja bila bunduki, ataiacha steshen, atanishika mkono na watu waone. Mimi nimeshajitayarisha. Shanga zangu nimezisugua zote, zinang'aa, ninaambiwa. Kwa mafuta ya duka, si ya bunduki.